Swali la lugha: ni kupe au ni papasi?

Swali: Tunaandaa bango la afya kwa ajili ya vijiji vya Dodoma. Mwenzangu kaandika "Jihadhari na kupe wa nyumbani." Mimi nataka "papasi". Anasema papasi ni kupe tu, jina la kienyeji. Nani yuko sahihi?

Jibu: Wewe. Mwenzako kitaalamu hajakosea, kwani hao ni jamaa moja, wote na miguu yao minane. Lakini bango haliandikiwi wataalamu. Mwanakijiji akisoma "kupe" atawaza zizi: yule mwenye ngao ngumu mgongoni, anayeganda kwenye sikio la ng'ombe siku kadhaa hadi anavimba kama mbegu ya mbarika, na ambaye wafugaji wanamjua kwa ndigana, ugonjwa anaowaambukiza ng'ombe. Basi ataogesha mifugo yake, kisha usiku alale palepale sakafuni penye nyufa.

Na papasi yumo humo ufani. Hana ngao, ngozi yake ina makunyanzi, na mdomo uko chini, ukimtazama kwa juu huuoni. Hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi tu, hurudi alikotoka. Asubuhi unabaki kujikuna. Ndiyo maana tuna "homa ya papasi": ile inayopoa ukadhani umepona, kumbe inarudi.

Hilo "kupe wa nyumbani" limenichekesha, kama vile kuna anayemfuga!

Hata katika kusutana, Waswahili hawawachanganyi. Enzi za Azimio la Arusha la 1967, kupe alikuwa mnyonyaji, aliyeng'ang'ania jasho la wenzake. Papasi wa Zanzibar ni kijana anayewaandama watalii vichochoroni Mji Mkongwe. Huyo anakusumbua, akikosa anahamia kwa mwingine. Utitiri nao, wa banda la kuku, umebaki kuwa kipimo cha wingi: mfanyabiashara anayelia na "utitiri wa kodi" anazihesabu tu.

Jambo moja la sarufi, kwa kuwa nimeona rasimu yenu ina "kupe zinauma". Viumbe hai hao: kupe huyu anauma, kupe hawa wanauma, na papasi vilevile. "Makupe" waachieni wanaotukanana.

Ningekuwa mimi, bango lingesomeka hivi: "Papasi hukaa kwenye nyufa. Ziba nyufa za ukuta na sakafu. Usilale chini."