Kwa matelo (mabaharia wa boti) wapya wa ziwa Kivu: uzito kwanza, kamba baadaye

Wadogo zangu, mnapakia boti kama lori. Najua tabia hiyo ilikotoka. Vita vilipokata barabara ya Sake, iliyoleta mizigo Goma kwa lori, mwaka 2024, magunia ya Minova yalihamia majini, na wapakiaji wakayafuata. Lakini lori likizidiwa huegemea mtaro, dereva akashuka kutukana. Chini yenu nyinyi kuna maji yenye kina kinachofika mita 480 hivi. Juzi nimeona tena kreti za bia zikipandishwa juu ya paa ili "abiria wapate nafasi". Kelele zangu pale Kituku, bandarini Goma, mmezizoea, kwa hiyo sasa naandika.

1. Babori ni babori: upande wa kushoto wa boti ukitazama mbele. Tribori ni wa kulia. Ukisimama kwenye pua, mbele ya boti, ukimtazama kapiteni, kushoto kwako ni kulia kwake, na ukipiga kelele "kushoto, kushoto!" atageuza upande wake, si wako. Babori taa nyekundu, tribori taa ya kijani, hata kama umening'inia kichwa chini.

2. Kizito chini na katikati. Saruji, maharagwe, kreti. Pua ibaki nyepesi ili iinuke wimbi likija. Makala, yaani mkaa, mnayapenda juu kwa kuwa ni mepesi, na kweli ni mepesi mpaka mvua ya Kalehe inyeshe. Hapo gunia lilelile linakunywa maji huku mmelifunga kwa fundo ambalo hata nyinyi hamlifungui. Watu nao ni mzigo, tena mzigo wenye miguu. Nitarudi kwao.

3. Ngama, chini kabisa ya boti, ambako maji yanayoingia hukusanyika. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa matelo mdogo kwenye boti la mbao, tukitoka Kalehe kwenda Goma usiku na maharagwe. Mzee aliyeshika usukani alikuwa na swali moja tu, analiuliza safari nzima: "Ngama?" Unajibu "kavu", au unataja bidoni (madumu) za maji ulizotoa. Usiku ule magunia yalikuwa yamefunika nafasi yote ya kutolea maji, na aliyeyapanga ni mimi. Kuyaondoa kungekuwa kuamsha watu, kusukuma mbuzi, na kumwonyesha mzee kwamba sijui kupanga. Akauliza, nikajibu kavu. Tukawa na Idjwi upande wa tribori, akauliza tena, nikajibu kavu, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa na swali. Na maji nilikuwa nayasikia. Yanatembea chini ya mbao, yanafika babori, yanatulia, yanarudi. Nikajiambia ni mawimbi ya nje.

Ubaya wa maji ya ngama si uzito wake peke yake. Gunia hukaa ulipoliweka. Maji hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Tulipokaribia Goma mzee akageuza kuingia, wimbi moja likatupiga ubavuni, boti likalala babori na halikuinuka. Halikupinduka pia. Lilibaki vile, ukingo karibu usawa wa ziwa, abiria wameshikana bila kupiga kelele. Mzee alisema neno moja: "Tupa."

Magunia yaliyokuwa juu, upande wa babori, yalikuwa ya mama mmoja mfanyabiashara. Nilipoinua la kwanza alinishika mkono. "Kijana, hayo ni ya likelemba. Mwezi huu zamu ya kupokea michango ni yangu." Nilitupa, nikachukua lingine. Boti likainuka polepole, tukafika. Pale ufukweni nilisubiri anitukane. Aliniuliza tu: "Si ulisema kavu? Nilikusikia." Mzee hakunifukuza. Alinikata mshahara mpaka maharagwe yakalipwa, na mama yule alikuwa anakuja mwenyewe kupokea, ananisalimia, anauliza habari za nyumbani. Afadhali angenitukana.

Basi: nafasi ya bidoni iachwe kabla gunia la kwanza halijaingia, na asiwepo wa kukushawishi uizibe, hata tajiri mwenye mzigo. Kama hujaangalia, sema "sijaangalia". Kapiteni atakufokea na mtafika.

4. Kufika. Mnadhani hatari iko katikati ya ziwa, mkiona taa za Goma mnaanza kuvaa viatu. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, upepo wa kusini unapanda ziwa kwa urefu wake wote, kilomita 90 hivi, na mawimbi yanazidi kukua yakija upande wetu. Mkitoka Kalehe yanawasukuma kwa nyuma, mnajiona mnakimbia. Mnapogeuka kuingia ndipo yanapowapata ubavuni. Na dakika hiyohiyo simu zinapata mtandao, watu wote wanasimama, na upande wenye ndugu zao ufukweni ndio wanaouendea. Tarehe 3 Oktoba 2024 MV Merdi ilitoka Minova imejaa kupita kiasi, ikapinduka mbele ya Kituku, watu wa nchi kavu wakiitazama. Kazi yako dakika ile si kutafuta kamba. Ni kuwakalisha watu. Mwombe mama mmoja mwenye sauti akusaidie. Wewe hawatakusikiliza, yeye watamsikiliza.

Majile, makoti ya kuokolea, yagawiwe kabla ya kung'oa nanga. Nimekuta yamefungwa pamoja chini ya mihogo, mapya kabisa, bado na harufu ya duka.

5. Moteri ikizima katikati, acha nanga. Kamba yako haifiki popote, ziwa hili linazama ghafla hata karibu na miamba. Funga bidoni zilizojaa maji kwenye kamba ya pua, zitupe, ziburute. Pua itaelekea kwenye wimbi nawe utapata muda wa kusafisha plagi.

6. Mchanganyiko wa oili na petroli unaandikwa kwenye moteri. Kama imeandikwa lita 1 ya oili kwa 50 za petroli, kisio cha jicho hakina nafasi.

7. Asubuhi isiyo na upepo, usishuke kulala kwenye vibonde vya upande wa Bulengo, magharibi ya Goma. Mazuku ni hewa nzito inayoua, inakaa chini, na haina rangi. Lala ndani ya boti, hata kama mbuzi wamekutangulia.

8. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo. Ile taa unayoiona usiku si mtumbwi mmoja. Ni mitatu iliyofungwa pamoja, na nguzo zake zinatokeza mbali gizani, mbele na nyuma, wavu ukiwa chini. Pita mbali na punguza moteri. Ukikata wavu watakutukana kwa Kihavu mpaka jua litoke, kisha watamfuata kapiteni bandarini, naye atawalipa kwa mshahara wako.