Jibu: Mshale wa GPS umeganda Tabora mjini

Ndugu, umesema mshale wa ramani unabaki Tabora mjini hata ukishafika Urambo, na fundi anataka ununue redio mpya ya gari, ile yenye skrini ya ramani. Usitoe hela bado. Mara nyingi hiyo ni antena au waya wake.

Toa gari chini ya mwembe, simamisha penye anga wazi, subiri dakika 15. Fungua ukurasa wa setilaiti kwenye redio. Redio inahitaji setilaiti angalau 4 ili ijue ulipo. Ikionyesha sifuri wakati simu yako hapo hapo inazipata, nenda kwenye antena.

Antena ni kile kiboksi cheusi chenye sumaku; kina kikuza mawimbi ndani yake, na kinakula umeme kupitia waya ule ule unaoleta mawimbi. Wengi hawalijui hili. Chomoa plagi yake nyuma ya redio, washa redio, weka mita ya kupimia umeme kwenye volti za DC: ncha nyekundu katikati ya tundu la redio, nyeusi kwenye ganda la nje. Angalia sana ncha zisigusane, unaweza kuunguza redio. Ukisoma volti 3 hadi 5, redio inatoa umeme, mgonjwa ni antena. Ukisoma sifuri, hapo fundi wako ana hoja.

Yangu, waya ulibanwa na skrubu ya dashibodi; plastiki ilipasuka na shaba ikaota kutu ya kijani. Nilibadilisha antena tu. Mpya ibandike juu ya dashibodi karibu na kioo, mbali na kamera ya gari, maana baadhi ya kamera huvuruga mawimbi.

Ukishapima, andika hapa umesoma volti ngapi.