Anti, niuze shamba la parachichi nikasome PhD ya kaunseling?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Rungwe, nina digrii ya ualimu na shuleni wamenipa kitengo cha ushauri nasaha. Watoto wanakuja na mambo mazito, mimba, baba anayepiga, mwingine anakaa tu hali wala haongei, na mimi naona ninachokijua kimeishia hapo. Nataka niwe saikotherapisti kabisa, yule anayetibu watu kwa mazungumzo. Nimeona mtandaoni chuo cha nje kinatoa PhD ya kaunseling kwa miezi 18, husafiri popote, na nikiuza shamba langu la parachichi ada inatimia. Kaka yangu yuko Mbeya mjini anasema bila PhD hakuna atakayekuita mtaalamu. Nifanyeje? Mwalimu, Tukuyu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Shamba usiuze kwanza.

Kaka yako anakutakia mema ila amechanganya kuitwa daktari na kujua kumhudumia mtu. Hicho chuo kiulize kitu kimoja, nitakaa na wateja wa kweli saa ngapi na nani atakuwa ananisimamia? Wakianza kukujibu habari za insha na tasnifu tu ujue hiyo ni PhD ya kuandika kuhusu kaunseling, inaweza ikamfaa anayetaka kufundisha chuo au kufanya utafiti, ila yule mtoto asiyeongea utarudi umkute pale pale na wewe huna kipya cha kumfanyia.

Angalia wenzetu wanavyofanya. Uingereza kuna udaktari wa saikolojia ya ushauri, miaka 3 ukisoma muda wote, na ndani yake lazima ufikishe saa 450 za kukaa na wateja chini ya sapavaiza, yaani mtaalamu mzoefu anayekusimamia, na utafiti wako juu. Ukimaliza unaomba kusajiliwa HCPC, baraza lao la kusajili wataalamu wa afya, na jina la mwanasaikolojia wa ushauri linalindwa na sheria, huwezi kujiita tu. Lakini kuingia wanataka msingi wa saikolojia unaotambuliwa na chama chao cha wanasaikolojia, BPS, sasa digrii yako ni ya ualimu, zile kozi za saikolojia ya elimu peke yake hazitoshi, ungeanzia kwenye kozi ya kukuhamishia kwenye saikolojia. Na huko huko Uingereza majina ya kaunsela na saikotherapisti hayalindwi na sheria, wengi wanaifanya hiyo kazi vizuri kabisa bila udaktari, kwa hiyo maneno ya kaka hata huko hayasimami.

Marekani wana PhD ya saikolojia, inayofuata mtindo uliopitishwa kwenye mkutano wa Boulder mwaka 1949 kwamba mwanasaikolojia awe mtafiti na mtoa tiba kwa pamoja, halafu kuna PsyD, nayo ni udaktari wa saikolojia, iliyokubaliwa kwenye mkutano wa Vail mwaka 1973, hii uzito wake uko kwenye tiba. Zote ni miaka mingi, na kabla ya kumaliza unafanya intanshipu ya mwaka mzima. Kwa hali zetu muhimu ni hela: PhD nyingi chuo kinakusamehe ada na kukupa posho kidogo ukiwasaidia kufundisha au kwenye utafiti, PsyD nyingi unalipa mwenyewe na ni hela nyingi mno, hilo shamba lisingefika hata robo ya njia. Kaunsela wa kawaida wa huko anapewa leseni akiwa na masta.

Sasa hizo saa chini ya sapavaiza nataka uzielewe maana ndiyo kozi yenyewe. Unarekodi kikao kwa ruhusa ya mteja, halafu unachagua dakika 10 hivi unaziandika neno kwa neno, mpaka ile mmh yako unaiandika, mpaka kimya unakiandika kilikuwa sekunde ngapi. Mnakaa na sapavaiza mnasoma. Binti kasema "nyumbani sipapendi", kanyamaza, na wewe hapo hapo ukamwambia "usijali mwanangu, we soma kwa bidii". Sapavaiza anakusimamisha, anakuuliza, hapo ulikuwa unamtuliza nani, yeye au wewe? Sisi walimu hapo ndipo panapotushinda, tumezoea mtoto akinyamaza tunamjazia jibu, na kukizoea kile kimya bila kukikimbia kunataka uwe umekaa na watu wengi sana huku kuna mtu mzoefu anakukosoa kila wiki. Kusoma notsi kwenye simu hakukupi hilo.

Kwa hiyo mimi ningekwambia anza na masta yenye vitendo. MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Muhimbili, wana masta ya saikolojia tiba, waulize mapema digrii yako inapokelewa au la. Udaktari ukiutaka baadaye, jirani tu Nairobi chuo kikuu cha USIU-Africa wana PsyD, na Kenya wana sheria ya makaunsela na wanasaikolojia tangu 2014. Chuo chochote cha nje, kabla hujatuma hata shilingi, waandikie TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uwaulize kama tuzo yao inatambulika hapa. Na kusoma karibu kuna faida ambayo watu hawaihesabu, unajifunzia kwa watu wanaokuja kusema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, nawaza sana, kumbe ni msiba wa mwaka juzi haujaisha, na hao ndio utakaokutana nao Tukuyu.

SWALI: Anti habari. Mimi nesi Njombe, nataka kusoma kaunseling ila nimesikia na mwanafunzi mwenyewe analazimishwa kwenda kwa kaunsela. Mimi siumwi, kwa nini?

JIBU: Nzuri dada. Siyo kwamba wanakuona mgonjwa. Kozi nyingi za Uingereza zinadai ukae upande wa mteja, kuna zinazotaka saa 40 na zaidi, na mara nyingi unalipa kwa hela yako mwenyewe, kwa hiyo iweke kwenye bajeti mapema. Wewe nesi umeona vifo wodini, unavua gauni jeupe unaenda kupika. Siku mjane atakapolia mbele yako, yale yako ambayo hukuwahi kuyasema yatanyanyuka, utajikuta unakatisha kikao mapema au unalia naye mpaka anakubembeleza yeye. Bora yatoke kwa kaunsela wako kwanza, na hapo hapo utajua inavyokuwa kukaa kwenye kile kiti na kumwambia mtu usiyemjua jambo ambalo hata mumeo hujamwambia.