Mshahara wa madhabahuni na TRA: majibu kwa wasomaji wa Tabora na Kigoma

Maswali ya safari hii kuhusu kodi za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) yametoka makanisani, na mengi yamebeba dhana moja: kanisa halilipi kodi, basi na anayelipwa na kanisa halipi. Sivyo. Nafuu yoyote iliyo nayo kanisa kama taasisi inaishia kwa taasisi. Mshahara ni wa mtu, na mtu ni mlipakodi hata akivaa kola.

Mimi ni mchungaji Urambo. Napata 600,000 kwa mwezi na nakaa nyumba ya kanisa bure. Mzee mmoja wa kanisa anasema hata nyumba ina kodi. Ni kweli?

Mzee wako anajua anachosema, Mchungaji. Tuanze na fedha taslimu. Kwa Tanzania Bara, PAYE (kodi ya mshahara ambayo mwajiri hukata na kuipeleka TRA) haigusi 270,000 za kwanza kwa mwezi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi 760,000, asilimia 25 hadi milioni moja, na juu ya hapo asilimia 30. Mchango wako wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) hutolewa kwanza. Ukiwa asilimia 10 ni 60,000, inabaki 540,000. Ngazi ya asilimia 8 inatoa kodi ya 20,000, na zile 20,000 zilizovuka 520,000 zinaongeza 4,000. Kodi ni 24,000.

Sasa nyumba. Sheria ya Kodi ya Mapato huihesabu kama sehemu ya malipo ya kazi. Unalinganisha pango la soko na asilimia 15 ya kipato chako cha mwaka (au gharama ambayo mwajiri ameidai kwenye hesabu zake za kodi, kama ni kubwa kuliko hiyo asilimia 15), kisha unachukua kiasi kilicho kidogo. Tuseme nyumba kama yako hapo Urambo hupangishwa kwa 50,000. Asilimia 15 ya kipato chako inavuka 80,000 kwa mwezi, kwa hiyo itatumika 50,000. Kodi yako inapanda kutoka 24,000 hadi 34,000. Kama jirani yako ofisa wa serikali amekuambia kuna nafuu ya nyumba, hiyo ni ya watumishi wa serikali, wewe haikuhusu.

Kama unatumia na pikipiki ya kanisa, hiyo ni habari nyingine. Kama kanisa halidai punguzo lolote la kodi kwa gharama za chombo hicho, matumizi yako hayaongezwi kwenye kipato.

Usharika unanikata zaka moja kwa moja kwenye mshahara. PAYE si ipigwe kwenye kinachobaki?

Hapana. Zaka ni matumizi ya mshahara wako, hata kama mwenye kukata ni mwajiri. Kinachotangulia kutolewa ni mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii.

Ni mweka hazina wa usharika Nzega. Tuna watumishi sita na hatujawahi kuwakata kodi. Tukianza leo, si tutakuwa tumejichongea?

Ndugu Mweka Hazina, mlijichongea mwezi wa kwanza mlipolipa bila kukata. Mwajiri asiyezuia kodi anadaiwa yeye mwenyewe kana kwamba alizuia, na riba inaendelea kukua juu yake.

Nendeni ofisi ya TRA na daftari la malipo kabla hawajawafuata. Kama kanisa halina TIN (namba ya mlipakodi), ichukueni, hailipiwi. Mkishapata jumla ya deni, ombeni kwa maandishi kulipa kwa awamu. Kuanzia hapo, PAYE ya kila mwezi ifike ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Siku 7, si "baada ya mavuno".

Umeuliza pia tozo ya ufundi stadi, SDL. Hiyo humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na watu walioajiriwa kwa ajili ya ibada na mafundisho ya dini peke yake wameondolewa. Siku mkifungua hosteli ya wageni na kuajiri wapishi na walinzi, ulizeni upya.

Sikonge kwetu tuna Siku ya Mchungaji: mbuzi, madumu ya asali, bahasha. Hizo nazo?

Dumu alilokuletea jirani kwa kuwa mmezoeana ni zawadi, na zawadi isiyofungamana na ajira wala biashara si kipato. Bahasha inayotoka hazina ya kanisa kila mwezi, hata ikiandikwa "upendo", ni mshahara. Siku ya Mchungaji iko katikati. Mimi nashauri hivi: kama kamati imekusanya, imeandika na imekukabidhi kwa sababu wewe ndiye mchungaji wao, fedha hiyo ipite kwenye orodha ya mishahara. Fedha ya mafuta unayorudishiwa kwa risiti za safari za kazi haina kodi. Posho ya mafuta isiyo na maelezo ina kodi.

Mimi ni mtawa, nafundisha Kigoma. Mshahara wote unaingia shirikani, sishiki hata shilingi.

Sista, ajira ni yako na kodi inakatwa kwa jina lako. Nadhiri ya ufukara inapanga fedha inakokwenda baada ya hapo. Sista anayehudumu ndani ya nyumba ya shirika bila mshahara hana cha kukatwa.

Mwinjilisti, Kasulu. Nalipwa 150,000 na nina duka dogo. Nijaze ritani?

Kwa 150,000 pekee hudaiwi PAYE, na anayeishi kwa mshahara uliokwisha kukatwa na mwajiri hatakiwi kujaza ritani (taarifa ya mapato ya mwaka). Duka ndilo linalokupeleka TRA. Ngazi za kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wadogo zimewekewa anayeishi kwa biashara peke yake, na wewe una mshahara pia, kwa hiyo waulize TRA kwanza kama zinakuhusu. Zikikuhusu, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi. Kati ya milioni 4 na 7 usipotunza kumbukumbu utalipa 100,000, ukitunza utalipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5 daftari la shilingi elfu mbili linakushusha hadi 30,000. Makadirio yapelekwe kufikia Machi 31, na kodi hulipwa kwa awamu nne.

Na ukipata kazi ya pili ya kufundisha dini shuleni, mwajiri huyo wa pili atakukata asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Ukae naye mapema mkubaliane mshahara kabla ya kodi.