Kinanda kinalia kama panya

Swali: Mambo fundi, natengeneza singeli kwenye FL Studio, ile programu ya kutengeneza muziki, tempo (mapigo kwa dakika) 180, nimeingiza sampo ya kinanda, yaani kipande kilichorekodiwa tayari, ikaanza kulia kama panya! Nikiisikiliza kwenye simu iko freshi tu. Shida nini kaka?

Jibu: Poa mdogo wangu. Hiyo sampo nahisi ilirekodiwa kwenye tempo 90, sasa programu imeikimbiza ifikie 180 na modi iko Resample, hapo spidi ikipanda na noti inapanda, ukidabo spidi ni oktavu nzima juu (noti ileile ila nyembamba zaidi), lazima panya atokee. Bonyeza klipu mara mbili, kwenye Time stretching weka modi ya Stretch, hiyo inabadilisha spidi bila kupandisha noti. Ila mimi ningeizima kabisa Time, ile inayovuta sampo ifuate tempo, maana 90 ni nusu ya 180, inaingia bila kugombana na kinanda hakipati mikwaruzo ya kuvutwa.