Maswali ya holda za simu: mkono mrefu ndo unakuangusha

Wiki hii nimechagua ya holda tu maana yamezidi. Wale wa "fundi holda gani nzuri na bei gani" nimewaruka wote, hujasema gari gani, simu gani, njia gani unapita, sasa nikujibu nini?

*Ugonile fundi. Nina Noah, holda ya kunyonya kioo nimeibandika nikiwa Dar ikashika fresh kabisa, tangu nifike nayo Mbeya inadondoka. Jamaa yangu anasema ni sababu ya milima. Kweli? (Uyole)*

Ugonile ndugu yangu. Jamaa yako kapatia nusu. Kile kikombe cha mpira hakinyonyi chochote, ni hewa ya nje ndo inakikandamiza kwenye kioo, na Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari kwahiyo hewa yetu inakandamiza pungufu ya Dar kwa kama asilimia 18. Lakini piga hesabu: kikombe cha upana wa sentimita 8, kikitoka hewa yote ndani, pwani kinabanwa kwa nguvu ya kama kilo 50, huku kwetu kama kilo 41. Simu yako ina gramu 200 na kitu. Hapo mlima umekosa nini?

Shida ni kwamba hakuna kikombe kinachotoa hewa yote. Tuseme Dar ulibandika kikabaki na nusu ya hewa ndani. Ile ya ndani inapanda na wewe mlima Kitonga vilevile ilivyo, ya nje ndo inapungua, ukifika huku ile nguvu ya kukibana imebaki kama theluthi mbili ya ile ya Dar. Dawa yake dakika mbili: ukifika ng'oa, safisha, bandika upya. Na usafishe kweli, sio kufuta na mkono wa shati. Vijana wa kuosha magari wanapaka ile dawa ya kung'arisha mpaka kwenye kioo, juu ya mafuta yale hakishiki kitu. Kioo futa na spiriti, kikombe osha na maji ya uvuguvugu na sabuni. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi mpira unakuwa umekakamaa na baridi, upashe kwanza kwa viganja. Na muache kulamba jamani, mate yakikauka ukingo unaachia palepale.

*Naendesha Fuso, Makambako kwenda Songea. Nataka holda yenye mkono mrefu kabisa ili simu inifikie karibu, kioo kiko mbali. Zinapatikana wapi? (Makambako)*

Zinapatikana kila mahali na hilo ndo tatizo. Nimeshaandika hapa, naona bado inaulizwa kila mwezi kwahiyo leo naandika kirefu ili nisirudie. Mkono ukiurefusha mara mbili haupindi mara mbili, unapinda mara NANE kwa uzito uleule. Ni hesabu ya chuma yoyote iliyofungwa upande mmoja, fundi wa kuchomelea mageti anaijua hata kama hajasoma. Af sio kupinda tu, mkono mrefu unatikisika taratibu na kwa upana, kama mwanzi wa ulanzi kwenye upepo, na Fuso ikiwa sailensa (imewashwa, hujakanyaga mafuta) injini inatikisa kebini yote kwa mwendo wa taratibu hivyohivyo, vikikutana hivyo viwili simu inacheza hata gari limesimama. Ukipiga tuta uzito unajizidisha, gramu 200 zinavuta kama nusu kilo au zaidi, na zinavuta pale mwisho wa mkono ambako zinabandua kikombe kuanzia ukingoni. Watu wanalaumu kikombe, kumbe aliyekibandua ni mkono.

Kwahiyo usirefushe mkono, sogeza sehemu ya kufungia. Kwenye Fuso una chuma kibao karibu yako, kuna bolti za reli ya siti, kuna mabano chini ya dashibodi, fundi anakukatia bati nene la pembe, bolti mbili (sio moja, moja inazunguka), nati za kujifunga, halafu juu yake mkono mfupi wa sentimita 10 hivi unatosha. Kama lazima mkono uwe mrefu basi uweke mguu wa pili unaoegemea dashibodi, ukishaegemea sehemu mbili mchezo umeisha. Kupima ni rahisi, gonga simu na kidole ikiwa kwenye holda. Ikitulia papo hapo umefaulu. Ikiendelea kucheza mpaka umalize kusema "holda" punguza mkono.

*Mimi boda, Boxer. Kamera ya simu siku hizi picha zinatoka na ukungu na inatoa sauti ya kutetema. Holda inahusika? (Mafinga)*

Inahusika sana tu. Simu nyingi za siku hizi lenzi yake inaelea kwenye sumaku na vispringi vidogo ili picha isitikisike, na mtetemo wa injini ya pistoni moja unavichosha. Sio maneno yangu, Apple wenyewe mwaka 2021 walitoa onyo kwamba mtetemo mkali wa pikipiki kwa muda mrefu unaweza kuharibu kamera, wakashauri holda yenye kuzuia mtetemo hata kwa pikipiki ndogo. Kile kipande cha tyubu mnachozungushia kwenye usukani kinazuia holda isiteleze, mtetemo kinapunguza kidogo sana. Tafuta yenye vipira laini kati ya kibano na simu, ifunge katikati karibu na shingo, kule pembeni kwenye mishikio ndo kunatetema zaidi. Au simu nzuri iweke mfukoni mwa koti, simama uangalie ramani kisha uendelee. Abiria hatakufa kwa nusu dakika.

*Sumaku inaua betri? (Iringa mjini)*

Haiui. Inachanganya dira ya simu, na kile kibati unachobandika nyuma kinazuia chaji ya bila waya. Basi.

*Nimebandika holda na gundi ya pande mbili, ile ya sponji, alfajiri. Jioni imebanduka. Feki? (Makete)*

Alfajiri ya Makete! Gundi zile zinataka joto la zaidi ya nyuzi 10 wakati wa kubandika, na zinafika nguvu yake kamili baada ya kama saa 72. Bandika saa saba mchana gari likiwa juani, kandamiza, halafu siku tatu usiweke simu.

*Ya kwenye matundu ya AC je? (Njombe)*

Kwa Njombe hapana. Asubuhi unawasha hita, moto wote mgongoni mwa simu, na unachaji hapohapo. iPhone mwisho wake wa kufanyia kazi ni nyuzi 35, ikizidi inaweza kukataa chaji. Na vile vipande vya plastiki vya kwenye matundu vikikatika utanunua kwa bei ya holda tatu.

*Niweke wapi ili nicheki mechi nikiwa na abiria? Kosta, Mwanjelwa–Mbalizi.*

Usiweke. Kwenye spidi 60, sekunde mbili za kuangalia goli umetembea mita 33 bila macho, na wewe njia yako ina mteremko wa Iwambi. Konda wako akuhadithie matokeo.

*Dashibodi upande wa abiria pameandikwa SRS, pako bapa vizuri. Naweza? (Tukuyu)*

Hapana kabisa mzee wangu. SRS maana yake chini yake kuna eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, inafumuka kwa spidi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa na holda yako inakwenda usoni kwa aliyekaa mbele, mara nyingi ni mama watoto. Weka katikati, pembeni ya redio, chini ya usawa wa kioo.