Jibu: Mabenchi yapo, mbona watu hawaongei?

Umeuliza kwa nini watu wanakaa kwenye mabenchi mapya ya bustani yenu bila hata kusalimiana. Angalia kwanza yamepangwaje. Benchi refu lililonyooka linawaelekeza wote upande mmoja. Kumwona jirani lazima upinde shingo. Yawekeni mawili kwa pembe, kama herufi L, magoti yakaribiane bila kugusana. Benchi la Park Güell, bustani ya umma kule Barcelona, Hispania, kazi ya wasanifu majengo Gaudí na Jujol, limepindapinda kama nyoka, na kila mbonyeo ni kibaraza kidogo cha maongezi. Halafu kivuli, jamani! Na egemeo: mzee asiyepata pa kupumzisha mgongo hakai hadi hadithi iishe. Vyuma vya mikono viwe pembeni, vimsaidie kuinuka. Katikati vinatenga watu.